Fundi Mikono Anaumwa Kidogo

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Kamera alianza na kazi za nyumbani kabla ya jambo lingine lolote. Alivua sare na kuikunja, akaosha vyombo vya asubuhi, akafagia chumba cha mbele, kisha akajaza ndoo ya maji ya mama ya kuoga. Mama yake alikuwa dobi wa hospitali. Siku nzima alifua na kunyoosha mashuka ya wagonjwa, na jioni alirudi amechoka hoi, vidole vimesinyaa kwa maji na sabuni. Kamera hakutaka akute hata kijiko kimoja kichafu. Kazi zikiisha ndipo alipoingia kibandani mbele ya nyumba, akarudishia mlango, akaketi kwenye kigoda cha marehemu baba yake na kutoa simu.

Kamera halikuwa jina lake la shuleni. Alipewa na baba yake kwa utani, likamganda mpaka majirani wakasahau lile la kweli. Baba alikuwa fundi viatu. Siku moja, Kamera akiwa bado darasa la nne, alimrekodi akishona soli iliyobanduka, akaiweka video ile mtandaoni kama mchezo tu. Watu wakaipenda, wakaomba nyingine. Baba alikubali, ila kwa sharti moja.

"Uso wangu usionekane," alisema. "Uso huu hauna cha kumfundisha mtu, tena utawatisha watoto. Wewe rekodi mikono. Mikono ndiyo inayojua kazi."

Basi video zote zikawa za mikono miwili yenye sugu, msharasi wa kutobolea ngozi, uzi uliopakwa nta, na sauti nzito iliyojaa mzaha. Kamera alishika simu, baba akashona na kusema. Watazamaji nao, kwa kuwa hawakujua jina lake wala sura yake, wakamwita Fundi Mikono.

Wengi walitaka kumshukuru kwa chochote. Wengine walikuwa nchi za mbali, na kila walipojaribu kutuma zawadi ndogo, makato ya njiani yaliimeza karibu yote. Mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa na duka la kutengeneza simu, ndiye aliyeleta njia nyingine. Aliwafungulia pochi ya sarafu za kidijitali ndani ya simu. Pochi ile ilikuwa na anwani yake, mstari mrefu wa herufi na tarakimu usiosomeka, na Kamera akaunakili chini ya kila video. Shabiki popote alipo aliweza kutuma sarafu kwenye anwani ile, na baada ya muda mfupi zikaonekana pochini. Mjomba alizibadilisha kuwa pesa za kawaida, wakanunua ngozi, gundi na mahitaji ya nyumbani.

"Lakini nisikilizeni," mjomba aliwaonya siku ile ya kwanza. "Benki ukikosea, unakwenda dirishani kulalamika. Huku hakuna dirisha, wala karani wa kumlilia. Sarafu ikishatumwa imetumwa. Aliyeituma hawezi kuivuta tena. Anayeweza kuirudisha ni yule aliyeipokea, tena akipenda mwenyewe."

"Basi hiyo ni pesa ya watu waaminifu," baba alisema.

"Ni pesa ya watu wote, shemeji. Ndiyo maana nawaonya."

Mwanzoni mwa muhula baba alipatwa na kiharusi. Alianguka kibandani mchana, kiatu cha mteja kikiwa bado mapajani, na hakufika hospitalini akiwa hai. Alizikwa kesho yake. Majirani walikuja, wakalia, wakasaidia, kisha wakarudi kwenye shughuli zao kama ilivyo ada. Mama alikifunga kibanda. Simu ya baba aliiweka kabatini, akasema, "Ikae hapo kwanza. Tutajua la kufanya baadaye." Hakuwa na nguvu ya kusema zaidi.

Kamera aliitoa kabatini siku chache baadaye. Alitaka tu kusikia sauti. Baba alikuwa na desturi ya kurekodi video kadhaa kila mwisho wa juma, ili wiki ya kazi nyingi isiwaache watazamaji patupu, kwa hiyo ndani ya simu ilibaki akiba ya video ambazo hakuna aliyeziona. Kamera alizitazama, akalia mpaka kifua kikamuuma. Kisha, bila kufikiri sana, akaiweka moja mtandaoni, kama alivyozoea.

Maoni yakamiminika. "Karibu tena, Fundi!" "Tulidhani umetukimbia!" "Hiyo soli imetulia, mkono wako una dawa." Kamera aliyasoma yote, moja baada ya jingine. Huku nyumbani watu walikuwa wameanza kusema "marehemu". Mle ndani ya simu, hakuna aliyelijua neno hilo.

Zamani, baba alikuwa akiyasikiliza maswali ya watazamaji huku anashona, anajibu kwa mdomo, na Kamera anaandika. Sasa mtu mmoja akauliza, "Fundi, mbona siku hizi hujibu?" Vidole vya Kamera vikaandika vyenyewe, kwa maneno ya baba, kama vilivyozoea: "Naumwa kidogo, ndugu yangu. Nitarudi."

Tusimcheke na tusimhukumu haraka. Wapo wanaodanganya kwa sababu ya tamaa, na hao tunawajua. Huyu alidanganya kwa sababu alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na alimtaka baba yake. Lakini uongo haumuulizi mtu ameuanza kwa sababu gani. Ukishatoka unadai chakula kila siku, na Kamera akawa anaulisha.

"Fundi, unaendeleaje?" watu waliuliza.

"Daktari amesema nipumzike," aliandika. Siku nyingine aliandika, "Leo nimekunywa uji." Na nyingine, "Leo nimetoka nje, nimeota jua." Kila jibu lilimpa faraja ya ajabu. Nyumbani baba yake alikuwa kaburini. Ndani ya simu alikuwa akipata nafuu.

Ndipo sarafu zilipoanza kuingia. Hakuwa ameziomba. Watu walituma tu, kila mmoja na neno lake: "Ya dawa." "Ya matunda, Fundi wetu." Kamera alishtuka mara ya kwanza. Alitaka kuzirudisha, lakini angesema ni kwa nini? Akajiambia kwamba hakumwomba mtu, na maadamu hazigusi, hajaiba. Akaziacha palepale pochini, akaendelea kuota jua na kunywa uji kwa niaba ya mtu ambaye hayupo. Kila wiki alitoa video moja, na akiba ikazidi kupungua, mpaka ikabaki moja tu. Hiyo hakuigusa. Aliogopa kitakachofuata baada yake.

Miongoni mwa watazamaji alikuwepo mama mmoja aliyejiita Mama Pacha. Huyu alifiwa na mume, akabaki na watoto wawili mapacha, akajifunza kushona viatu kwa kutazama video za Fundi Mikono. Alianza na viatu vya wanawe, kisha vya jirani, na sasa alikuwa na meza yake barazani. Alimwita baba "Mwalimu". Kila akimaliza kazi ngumu alituma picha ya kiatu, na baba alikuwa akimsahihisha: hapa mshono umelegea, hapa gundi imezidi.

Alasiri moja Kamera aliingia kibandani, akaketi, akafungua simu. Akakuta ujumbe wa Mama Pacha.

"Mwalimu wangu, shikamoo. Kila nikisikia huumwi sana nafurahi, lakini moyo wangu haukubali. Mume wangu naye alisema anaumwa kidogo, akaninyamazia, nikachelewa. Sitaki kuchelewa tena. Nilikuwa nadunduliza ninunue cherehani ya kushonea viatu. Nimekutumia akiba yote. Usiogope, nitaendelea kushona kwa mkono ulivyonifundisha. Cherehani nitanunua Mungu akijalia. Wewe nenda hospitali kubwa ukapimwe, nakusihi."

Kamera alifungua pochi. Sarafu zilikuwa zimekwisha ingia.

Aliusoma ujumbe ule tena na tena. Alimwona yule mama asiyemjua, ameinama barazani, anavuta uzi kwa vidole mpaka vinachubuka, kwa ajili ya kumtibu mtu aliyekwisha oza udongoni. Neno hilo, udongoni, lilimjia bila kuitwa, na kwa mara ya kwanza hakuweza kulikimbia.  Akaichukua simu, akatoka mbio hadi dukani kwa mjomba.

Mjomba alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo, bisibisi mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona unahema hivyo, umefukuzwa?"

"Mjomba, nataka kurudisha sarafu za mtu. Nionyeshe."

"Sarafu zipi? Pochi ya shemeji si imelala tangu..." Mjomba hakumaliza. Aliipokea simu, akatazama pochi, kisha akatazama video, kisha maoni. Akasoma kimya kimya. Bisibisi aliiweka mezani polepole. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa mekundu.

"'Nimeota jua,'" alisoma. "Ee, mtoto wewe."

"Sikuzitumia, mjomba! Zote zimo. Sikugusa hata moja."

"Naona. Lakini waliozituma wamemtumia mtu anayetaka kupona. Yuko wapi?"

 Kamera akalia kwa sauti, wateja wawili wakageuka, mjomba akawaomba radhi na kuvuta pazia la duka.

"Nirudishie tu, mjomba. Mama asijue."

"Sikiliza. Kwanza, haiwezekani kirahisi hivyo. Nikizirudisha kwenye anwani zilikotoka bila kuuliza, nyingine zitapotea, maana wengine hutuma kupitia kampuni, na ile anwani si yao. Lazima kila mtu aseme mwenyewe arudishiwe wapi. Na ili aseme, lazima ajue kwa nini unamrudishia. Hakuna mlango wa nyuma hapa." Alimfuta machozi kwa kitambaa cha kusafishia vioo. "Pili, mama yako ndiye mwenye msiba. Siwezi kulizungumza jambo hili nyuma ya mgongo wake. Nenda ukamwambie. Nikifunga duka nitakuja."

Mama aliporudi jioni alimkuta binti yake ameketi kibandani, mlango wazi. Alisita kizingitini. Tangu msiba hakuwa ameingia mle. Harufu ya gundi na ngozi ilikuwa ileile.

"Nani amekufungulia huku?"

Kamera akamwambia yote. Hakuficha kitu. Mama alisikiliza akiwa amesimama, mkoba bado begani. Kamera alingoja kofi, na kwa kweli angelipokea kwa shukrani. Kofi halikuja.

"Hebu nisikie," mama alisema.

Kamera akawasha video. Sauti ya baba ikajaa kibandani: "Haya, wanangu, leo tunamtibu kiatu aliyekufa kifo cha mvua. Msilie, anafufuka..." Mama akaketi chini kwenye sakafu, palepale alipokuwa. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono umefunika mdomo. Kisha akachukua simu na kuyasoma majibu.

"Uji," alisema. "Ulimpa uji?"

"Ndiyo, mama."

"Baba yako na uji! Tangu lini?" Mama akacheka, kicheko kikageuka kilio katikati, na wote wawili wakakumbatiana pale sakafuni wakalia kama watu waliopata taarifa za msiba muda uleule.

Walipotulia kidogo, mama akauliza, "Ungeendelea mpaka lini?"

"Sijui. Imebaki video moja. Nikiitoa hiyo, mama, basi. Atakuwa amekufa kila mahali."

Mama akamshika uso kwa mikono yake iliyosinyaa. "Amekufa kila mahali, mwanangu. Ameshakufa. Na mimi nimekuacha ulijue hilo peke yako, kwa sababu mimi mwenyewe sikutaka kulisikia. Hapo nimekosa. Lakini kesho utawaambia watu hao. Tena si kwa kuandika. Uliwadanganya kwa maandishi, kweli utaisema kwa mdomo wako, wakikuona."

"Nitaweza?"

"Nitakushikia simu."

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko. Asubuhi, mlango wa kibanda ukiwa wazi na mwanga umejaa ndani, Kamera aliketi kwenye kigoda na mama akasimama mbele yake na simu. Mjomba alisimama kando. 

"Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo," Kamera alianza. "Mimi ni mtoto wa Fundi Mikono. Mimi ndiye niliyekuwa nikimrekodi. Baba yangu haumwi. Baba yangu alifariki mwanzoni mwa muhula huu." Mama akaitikia kwa kichwa kumwambia aendelee. "Majibu yote ya siku hizi niliyaandika mimi. Hakuna daktari. Hakuna uji. Niliandika kwa sababu mlipomwita kama mtu aliye hai, na mimi nilimwona yu hai. Sarafu mlizotuma za dawa zimo, sijazitumia. Tafadhali kila mmoja aniandikie kwa faragha anwani yake, mjomba wangu amrudishie. Mama Pacha, wewe wa kwanza. Nimekukosea. Naomba mnisamehe."

Wakaiweka mtandaoni vilevile ilivyo, bila kukata. Kamera akaondoa anwani ya pochi chini ya video zote, akaiweka simu kifudifudi, akangoja matusi.

Matusi yalikuja, si haba. Mmoja aliandika kwamba familia nzima ni matapeli, na mjomba akasema ana haki ya kukasirika, mwacheni. Alitokea pia mjanja mmoja aliyedai arudishiwe sarafu nyingi. Mjomba akamuuliza alizituma siku gani na kiasi gani, maana kumbukumbu zote ziko wazi, na yule bwana akayeyuka kama chumvi. Lakini wengi waliandika jambo lingine. Waliandika pole. Waliandika kwamba walikuwa wakimsikiliza usingizi ukiwakataa, kwamba viatu walivyovaa siku ile vilishonwa kwa maelekezo yake. Mzee mmoja wa mbali aliandika kwamba amewaita wajukuu zake na wamemwombea. Mama aliwasomea kwa sauti, na kila baada ya machache ilibidi apumzike.

Wengine walituma anwani zao, mjomba akawarudishia mmoja mmoja. Wengine walikataa. "Hizo zangu zibaki," waliandika, "ziwe rambirambi."

Jibu la Mama Pacha lilichelewa. Lilipofika lilikuwa fupi. "Nimelia siku nzima. Mwanangu, umeniumiza. Lakini hata mimi nilikaa na shati la mume wangu chini ya mto, nikiwaambia watoto amesafiri. Akiba yangu nayo iwe rambirambi."

"Hapana," mama alisema, na sauti yake ilikuwa ngumu kwa mara ya kwanza. "Huyu arudishiwe. Mwandikieni kwamba mke wa mwalimu wake ndiye aliyeamuru. Akishonea watu kwa cherehani hiyo, mwalimu wake ameheshimiwa." Mama Pacha akabisha, mama akashikilia, na mwishowe anwani ikaja. Mjomba akabonyeza. Sarafu zikaondoka.

 Kamera akauliza, "Mama, hizi za rambirambi ni zilezile za dawa. Hazikutoka hata pochini. Kwa nini hizo tunaweza kuzipokea?"

Mama alimvuta karibu.

"Pesa ni ileile, mwanangu. Jana ilikuwa wizi, hata kama hukuigusa, kwa sababu mwenyewe hakujua anampa nani. Leo ni rambirambi, kwa sababu anajua. Mtu akikupa kitu, mpe kwanza ukweli, ndipo upokee. Hilo ni kwa sarafu, kwa shilingi, hata kwa pole." Akatazama ule msururu wa maneno ya watu uliokuwa bado unaongezeka. "Na lipo la pili, ambalo limeniuma zaidi. Baba yako alikuwa na watu wote hawa. Walimpenda. Ulidhani unamficha asife, kumbe ulimnyima kuliliwa. Tulimzika na watu wa mtaa huu tu, wakati alikuwa na msiba mkubwa kiasi hiki."

Kamera akaegemeza kichwa kifuani kwa mama.

"Basi tuendelee kusoma," alisema.

Na mama akaendelea kusoma, jina baada ya jina, na kwa kila mmoja wakaitikia pamoja, "Tumeshapoa."